Daktari alisema "ni kawaida", mama akaacha dawa

Shikamoo mama,

Nakuandikia kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, lakini habari yenyewe ni ya mama yangu mzazi anayeishi kijijini, upande wa Mpwapwa. Ana miaka 61, baba alishatangulia, na bado analima kwa mkono wake: uwele, karanga na alizeti kidogo. Tuko watoto watatu, mimi ndiye kitinda mimba.

Mwaka jana mwezi wa tatu aliumwa kichwa siku nne mfululizo. Alipopimwa kituo cha afya, presha ikasoma 178 kwa 104. Akaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5. Miezi miwili baadaye presha bado ilikuwa 160 na kitu, nikamleta mjini kwenye hospitali moja, dozi ikapandishwa kuwa 10. Presha ikashuka vizuri, mara ya mwisho ilikuwa 136 kwa 84. Tukamshukuru Mungu.

Mwezi haujaisha, miguu ikaanza kuvimba. Asubuhi anaamka iko sawa, ikifika saa kumi jioni vifundo vimejaa. Akivua kandambili, mkanda umeacha mfereji kwenye nyama, na ukimbonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Viatu vyeusi vya kwaya ya akina mama vikawa havimwingii. Jumapili mbili aliimba na kandambili, amesimama mstari wa nyuma. Ya tatu hakwenda kabisa. Niliipiga miguu picha kwa simu.

Nikampeleka kliniki. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa sita. Tulipoingia daktari alikuwa anaandika. Mama akasema, "Daktari, miguu inavimba." Akaichungulia akiwa amekaa hukohuko ng'ambo ya meza, akasema, "Ni kawaida mama, ni dawa hiyo. Endelea nayo." Akaandika, akaita mwingine. Mimi nilikuwa bado natafuta ile picha kwenye simu.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Kaka yangu ni mwalimu wa sekondari. Aliisoma ile karatasi ya ndani ya boksi la dawa usiku mzima, kesho yake akapiga simu kutusomea: uvimbe, moyo kwenda mbio, fizi kuvimba, ini, ngozi kubabuka. Shangazi anasema dawa za presha zinakula figo, na kwamba mume wa jirani yake alianza hivyohivyo, miguu kwanza, halafu uso, halafu akazikwa. Mama aliwasikiliza wote bila kusema neno. Baadaye ndipo nikagundua vidonge vimewekwa kwenye kopo la majani ya chai na havipungui.

Leo ni siku ya 12 hajameza. Miguu imepungua kweli, viatu vinaingia. Ananiambia kwenye simu, "Si mnaona wenyewe? Kawaida gani hiyo inayoisha nikiacha dawa yake?" Sina la kumjibu. Siku hizi anakunywa chai ya choya asubuhi na jioni, pamoja na chupa ya dawa ya asili aliyonunua mnadani, eti inasafisha figo. Hana ugonjwa mwingine, ni magoti tu, na kwa hayo hununua diklofenaki kwenye duka la dawa muhimu. Msimu wa palizi bila hizo hainuki. Juzi nilimtumia hela akapimwe: 174 kwa 100. Mwenyewe anasema anajisikia vizuri kuliko alipokuwa kwenye dawa.

Mama, tumwamini daktari ambaye hata mguu hakuugusa, au tuyaamini macho yetu? Na je, nimlazimishe mama arudie dawa, au nimwache apumzike kwanza?

Kitinda Mimba, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu,

Daktari alisema kweli, na mama yako naye anasema kweli. Uvimbe huo, kwa jinsi ulivyoueleza, unafanana kabisa na uvimbe wa amlodipini: miguu yote miwili, umeanza wiki chache baada ya dozi kupandishwa, jioni umejaa, asubuhi umetoweka, na dawa ilipoachwa ukaondoka. Kilichokosekana ni maneno ya katikati, yale yaliyotakiwa kukaa kati ya "ni kawaida" na "endelea nayo". Katika pengo hilo ndimo walimopitia shangazi, mwalimu na muuza chupa.

Ngoja niyaseme hayo maneno. Amlodipini hulegeza kuta za mishipa midogo inayopeleka damu mwilini. Mishipa ikilegea, njia inapanuka na presha inashuka. Lakini mishipa inayorudisha damu kwenye moyo hailegei kwa kiasi hicho. Umeona shamba la zabibu linalomwagiliwa kwa mfereji? Ukifungua lango la kuingizia maji lote, la kutokea ukaliacha lilivyo, maji yatavuja pembeni na kulowesha njia. Ndivyo inavyokuwa kwenye vifundo vya mama. Majimaji yanajipenyeza kutoka kwenye mishipa midogo na kukaa kwenye nyama, na kwa kuwa anasimama shambani mchana kutwa, yanashukia miguuni. Akilala usiku yanarudi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na dozi ya 10 huvimbisha kuliko ya 5. Figo hazihusiki katika habari hiyo.

Mume wa jirani wa shangazi simjui, Mungu amrehemu. Nimewaona wengi wa namna yake, na mara nyingi habari zao husimuliwa kuanzia mwisho. Presha iliyokaa juu miaka mingi bila kutibiwa ndiyo inayochakaza figo. Figo zikichoka, mwili unabaki na maji, miguu inavimba, asubuhi uso unavimba, mkojo unatoka na povu. Hapo ndipo mtu anapokwenda hospitali, anaanzishiwa vidonge vya presha kwa mara ya kwanza maishani, na anafariki navyo mkononi. Majirani wanavikumbuka vidonge. Ile presha ya miaka kumi ya nyuma hakuna aliyeiona, kwa sababu haionekani wala haiumi.

Kwa hiyo uvimbe wa miguu una vyanzo vingi, na hapo ndipo namlaumu daktari wenu. Alikisia akapatia. Alipaswa kuinuka, abonyeze mguu mmoja kisha mwingine, aulize kama pumzi inambana mama akilala chali au kama anaamka usiku akitafuta hewa, maana hayo ni ya moyo. Alipaswa kumtazama usoni, kumsikiliza mapafu, na kuagiza mkojo uchovywe kijiti kuona kama una protini. Kijiti hicho ni kazi ya dakika mbili. Kipimo cha damu cha kreatinini kinaeleza zaidi kuhusu figo. Mguu ungekuwa mmoja tu, umevimba, una joto na unauma, hiyo ingekuwa habari nyingine kabisa, ya damu kuganda, na ya kushughulikiwa siku hiyohiyo. Midomo au ulimi ukivimba ghafla baada ya dawa yoyote, hapo hata benchi hakuna, ni kukimbizwa ndani.

Sitaki umwone daktari huyo mtu mbaya, kwa sababu na mimi nimekaa upande ule wa meza.

Nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya presha, katika wilaya moja ya mkoa huuhuu. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akitumia kaptoprili. Akaja mwezi wa nane, wakati wa upepo ule unaotia vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa, akalalamika kikohozi kikavu, koo linawasha, usiku ndiyo kabisa. Nikamwambia, ni vumbi hilo mzee wangu. Mwezi uliofuata akaja nacho tena. Akapimwa makohozi, TB hakuna. Nikamwambia ni vumbi. Mara ya tatu hakulalamika. Alichukua vidonge vyake, akaniaga kwa adabu, nami nikafurahi kwamba amepona.

Alikuwa ameacha dawa. Kikohozi kilikuwa cha kaptoprili yenyewe: jamii ile ya dawa, pamoja na enalaprili na lisinoprili, humkoholesha takriban mtu mmoja katika kumi, na ukiacha, kikohozi hukatika ndani ya wiki chache. Ilikuwa ni kumbadilishia tu. Mwezi wa 12 aliletwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, upande mmoja wa mwili umepooza, mdomo umekwenda kando. Mkewe akafungua fundo la kanga akanionyesha vidonge vya miezi mitatu, vyote vipo.

Kila nilipomwambia "ni vumbi", nilikuwa namfundisha kwamba mimi sioni anachokiona yeye. Baada ya hapo angeniamini vipi nilipomwambia kwamba presha inaua bila kuuma? Hilo nimeishi nalo. Ndiyo sababu ukimya wa mama yako unaniogopesha kuliko miguu yake. Mtu anayebishana na daktari bado yuko naye. Anayenyamaza na kuficha vidonge kwenye kopo la majani ya chai ameshaondoka.

Kuna sentensi uliyoipita haraka kwenye barua yako, nami nilipoifikia nilirudi kuisoma tena. Magoti, na diklofenaki.

Mwanangu, diklofenaki na ndugu yake ibuprofeni hufanya figo zizuie chumvi na maji yasitoke. Zikitumika siku nyingi hupandisha presha, huvimbisha miguu zenyewe, hudhoofisha nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na huweza kuumiza figo kwelikweli. Yaani, kama kuna kidonge cha kuogopewa kwa ajili ya figo za mama, ni hicho anachokisifu. Tena huenda hata ile 160 iliyofanya dozi ipandishwe ilisukumwa na vidonge vya magoti, kisha dozi ilipopanda miguu ikavimba, na amlodipini peke yake ikabeba lawama yote. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini naona daktari hakuuliza anatumia dawa gani nyingine, nanyi hamkudhani kwamba kidonge cha kununua dukani bila cheti ni dawa ya kumtajia daktari. Kwa wiki hizi magoti yapozwe kwa parasetamoli na dawa ya kuchua, kisha habari ya magoti ipelekwe kliniki pamoja na ile ya miguu.

Lingine ni mlenda. Mimi ni wa hukuhuku, siwezi kumwambia Mgogo aache mlenda. Lakini magadi tunayotia ili ulainike yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, na mwili hauulizi imetoka wapi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Mama apunguze magadi kidogo kidogo, ulimi utazoea.

Kaka yako mwalimu simlaumu, kusoma karatasi ya dawa ni jambo jema, na wengi hawasomi. Ila aisome tena akiwa na penseli. Pale panapoandikwa kwamba tatizo ni la kawaida sana, maana yake limempata zaidi ya mtumiaji mmoja katika kila 10. La kawaida ni kati ya mmoja na 10 katika kila 100. La nadra sana ni chini ya mmoja katika kila 10,000. Miguu kuvimba iko juu kabisa ya orodha. Ini na ngozi kubabuka viko chini kabisa, vimeandikwa kwa sababu sheria inataka hata yaliyowapata wachache yasifichwe. Kwenye simu aliwasomea yote kwa sauti moja, mkasikia yana uzito mmoja. Hospitali zetu hutumia maneno mawili, maudhi madogo madogo na madhara. Maudhi yanakera lakini hayaharibu kitu mwilini, na miguu ya mama iko kwenye kundi hilo. Hata hivyo maudhi yanayomtoa mtu kwenye kwaya yake si madogo kwake, na daktari alipaswa kuyahesabu.

Turudi kwenye swali lako la kumwamini. Usimpime daktari kwa upole wala kwa haraka. Anayehudumia watu 60 kabla ya saa nane mchana atakuwa na haraka, na mwenye maneno matamu naye anaweza kukosea. Mpime kwa anavyolipokea swali. Muulize: umejuaje kwamba huu ni uvimbe wa dawa na si wa figo au moyo? Daktari wa kuaminika atakujibu kwa kitu alichokiona au alichokipima, na kama hakupima, swali lenyewe litamwinua kwenye kiti. Muulize kama kuna njia ya kushusha presha bila kuvimbisha miguu. Na usitoke kabla hajakwambia ni dalili gani mkiiona mrudi bila kungoja tarehe. Uliza kwa adabu, "Samahani daktari, naomba unieleweshe, maana nyumbani nitaulizwa." Nimekaa miaka mingi kwenye vyumba vile, na sentensi hiyo ya mwisho niliona ikilainisha hata wakali. Akikasirika, akakwambia wewe si daktari, akakutoa bila jibu, hapo una haki ya kwenda kwa mwingine, na hilo si kumdharau. Beba daftari la kliniki na kila anachokimeza mama, ikiwemo ile chupa ya mnadani, ili huyo wa pili asianze kukisia upya. Mfamasia wa hospitali naye muulizeni, wanajua mengi kuhusu maudhi ya dawa na wagonjwa hupita mbele ya dirisha lao bila kuuliza chochote.

Njia nyingine zipo. Daktari anaweza kurudisha amlodipini kwenye 5 na kuongeza dawa ya pili, kwa mfano losartani, ambayo mara nyingi huupunguza uvimbe huo huku ikisaidia kushusha presha. Anaweza kuitoa amlodipini kabisa akaweka dawa ya jamii nyingine. Akiongeza kidonge cha kukojoza kwa ajili ya miguu tu, muulize kwa nini, kwa sababu uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini, na vidonge hivyo huusaidia kidogo mno. Kama anakitoa kwa ajili ya presha yenyewe, hilo ni sawa, ni dawa nzuri ya presha.

Mimi sikuandikii dozi kwa barua. Lakini 174 kwa 100 kwa siku 12 si mapumziko. Asingoje tarehe ya mwezi ujao. Ningekuwa mimi ndiye binti yake, keshokutwa asubuhi tungekuwa kwenye benchi, na kama nauli ya kuja mjini ni mzigo, aanzie kituo cha afya cha hukohuko, wanaweza kupima mkojo na kupiga simu kuuliza. Ikifika 180 kwa 120, pimeni tena baada ya dakika tano, na ikibaki hapo aonwe siku hiyohiyo. Na namba iwe yoyote, kichwa kikimgonga vibaya, kifua kikibana, macho yakififia, mkono ukikosa nguvu au maneno yakimtoka vibaya, hiyo ni safari ya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Chai ya choya aendelee nayo, bila sukari. Tafiti zimeonyesha inashusha presha kidogo, nami mwenyewe nainywa. Lakini kutoka 174 haiwezi kumfikisha anakotakiwa peke yake. Ile chupa aiweke chini. Hatujui kilichomo, na figo zinazosemwa zinasafishwa hazijawahi kupimwa.

Usimlazimishe. Mama wa miaka 61 anayelima kwa mkono wake halazimishwi na kitinda mimba wake, mtaishia yeye kukudanganya kwa upendo. Panda gari uende, simu haifai kwa hili. Kaa naye jioni akishamaliza shughuli zake, na uanze kwa kumkubalia: "Mama, ulichokiona ni kweli, dawa ndiyo iliyovimbisha miguu, na daktari hakukueleza." Atashangaa, kwa maana tangu alipoacha dawa kila mtu ama anamtisha ama anambembeleza. Ukishafika hapo ndipo umwonyeshe ile 174, umweleze mishipa na mfereji wa zabibu, umweleze magoti. Kisha mwambie mnachokwenda kutafuta ni dawa itakayoshusha presha na kuacha viatu vya kwaya vimwingie. Hilo atalisikia.

Mwalimu naye apewe kazi, atatulia. Kama mnaweza kuchanga, mnunue mashine ya presha ya kufunga kwenye mkono wa juu, yeye awe mwenye daftari. Mama akae dakika tano bila kuongea, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa chai wala kahawa nusu saa iliyopita. Apimwe mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba. Nyumbani namba zikizidi 135 kwa 85, presha bado haijakaa sawa. Daktari akiwekewa mbele karatasi yenye namba za wiki nzima, mazungumzo yanabadilika, nimeyaona mwenyewe.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawalijui: maudhi ya dawa yanaripotiwa. TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile iliyokuwa TFDA hadi mwaka 2019, ina fomu ya njano kwa ajili hiyo, na mgonjwa anaweza kumwomba mhudumu wa kituo amjazie. Tunajua leo kwamba amlodipini huvimbisha miguu kwa sababu kuna watu kama mama yako waliosema, na kuna mtu aliyeandika.

Miguu imeshapungua, kwa hiyo mkifika kliniki daktari atakuta vifundo vizuri tu na anaweza kudhani mnakuza mambo. Ile picha usiifute. Ifungue kabla hamjaitwa ndani, simu iwe mkononi, na umwonyeshe kabla hajashika kalamu. Mfikishie mama mbukwenyi yangu, na majibu ya mkojo yakitoka niandikie.